Baba Njeri, Tairi Limechomoka

Gurudumu lilipochomoka halikuanguka. Lingeanguka, ningeliokota kimyakimya na mlo ungeendelea. Lilitua sakafuni kwa ukingo wake, likasimama wima kama sarafu ya refa, likawaza kidogo, kisha likashika njia. Lilipita chini ya meza, likakwepa mguu wa kiti kwa ustadi ambao madereva wetu wa matatu hawana, likavuka zulia likiacha mstari mwembamba wa nyanya, likaenda kulala mbele ya kiatu cha mama mkwe wangu.

Mama alikuwa ametoka Gatundu asubuhi hiyo, kitambaa kichwani, kiondo begani, na ndani ya kiondo kuku mmoja aliyefungwa miguu na kukasirika. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa na kukaliwa mbali kidogo. Humtanii, humwiti kwa jina, na ijapokuwa hakuna mzee aliyewahi kuniambia hivyo waziwazi, nina hakika humrushii kitu chenye makali. Nilibaki nimeinama juu ya piza, mpini mtupu mkononi, kama dereva aliyebaki na usukani baada ya gari kumponyoka. Mama aliliangalia gurudumu. Akaniangalia mimi. Akasema kwa ile sauti ya kuwafariji wafiwa:

"Baba Njeri, tairi limechomoka."

Hakuna aliyecheka. Watoto wangecheka ningewagombeza, na mambo yangeishia hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kutafuta kikatio cha piza kinachodumu. Wanaume wa rika langu hapa Makongeni wanatafuta ploti kule Ngoingwa. Mimi natafuta gurudumu.

Lakini kosa ni la oveni. Jiko letu la gesi lina oveni chini yake, na kwa miaka sita tangu tulinunue, oveni hiyo ilikuwa kabati la sufuria. Usinicheke kabla hujafungua ya kwako. Mle ndani mlikaa sufuria tatu kubwa za sherehe, kikaango kisichokuwa na mpini, na mifuniko ambayo sufuria zake zilipotea zamani. Kisha wanawake wa chama cha mke wangu wakakubaliana kwamba mwenyeji wa kila mwezi apike kitu ambacho hakijaliwa katika mikutano yao. Zamu ya Mama Njeri ilipofika, pilau ilikuwa imeliwa, mukimo umeliwa, chapati za malenge zimeliwa, hata keki ya sufuria iliyochomwa kwa makaa chini na makaa juu ilikuwa imeliwa ikasifiwa. Ikabaki piza. Sufuria zikahamishiwa chini ya kitanda chetu, zilipo mpaka leo, na oveni ikawashwa kwa mara ya kwanza. Nyumba nzima ilinuka plastiki kwa sababu palikuwa na mfuniko mmoja uliosahauliwa.

Piza yenyewe ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kama shahidi, si kama mume. Ilikuwa nene, kwa kuwa Mama Njeri haamini unga unaoweza kuona mwanga upande wa pili, na ilikuwa na nanasi, kwa kuwa tunakaa Thika. Kukaa Thika ukala piza bila nanasi ni kama kukaa Kisumu ukala samaki wa kopo. Mashamba ya Del Monte yako hapo nje ya mji, yamejipanga mistari kama wanafunzi wa gwaride. Najua kuna watu wanaochukia jambo hili. Mwaka 2017 rais wa Iceland, Guðni Jóhannesson, aliwaambia wanafunzi kwamba angekuwa na uwezo angepiga marufuku nanasi kwenye piza, kisha ikambidi aeleze hadharani kwamba uwezo huo hana. Nimemsamehe. Aliyeanzisha mchezo huo, Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada, aliweka nanasi la kopo juu ya piza katika mkahawa wake wa Chatham, Ontario, mwaka 1962, kujaribu tu. Ukionja la kopo kwanza, unaweza kukata shauri vibaya. Sisi tunalinunua likiwa na majani yake na mdudu wake mmoja.

Nimelitaja nanasi si kwa kupiga domo tu. Litarudi baadaye likiwa mshtakiwa.

Piza ya kwanza niliikata kwa kisu cha nyama, kikalivuta jibini lote upande mmoja mpaka upande wa pili ukawa na kipara. Njeri, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alipendekeza panga. Ndipo jioni moja nikitoka kazini nikasimama pale steji ya Makongeni, ambapo jua likizama wachuuzi hutandaza turubai na spika ndogo huanza kupiga kelele zenyewe bila mtu: mia, mia, mia, chagua ni mia. Kati ya vichujio vya chai na vibanio vya nguo palikuwa na kikatio. Kijana alikishika akakizungusha kwa kidole, kikalia zzzz, kikametameta chini ya taa ya betri. Mimi, msomi mzima, nikajaribu makali kwa kidole gumba, nikaona yako, nikatuma mia kwa M-Pesa.

Kila mnunuzi hujaribu makali. Sijaona hata mmoja anayejaribu pini.

Usiku ule wa aibu, mama mkwe alipokwisha kulala, niliingia jikoni na tochi ya simu kufanya upasuaji wa maiti. Gurudumu sikulipata. Nilitafuta chini ya kochi nikapata kalamu mbili, rimoti ya runinga tuliyokwisha kuiuza, na shilingi ishirini. Nikabaki na mpini na kile kijiti cha chuma kilichokuwa kimelishika gurudumu, na hicho kilinitosha kujua sababu ya kifo.

Pini ilikuwa ya kugongwa. Fundi wa kiwandani huko mbali alipitisha kijiti cha chuma laini kwenye tundu la gurudumu, kisha akakiponda kichwa kikawa kama uyoga, basi. Pini ya namna hiyo haifunguliwi, haikazwi, haioshwi ndani. Ukikata piza, hulisukumi gurudumu chini tu. Mkono unayumba, gurudumu linaegemea kushoto, linaegemea kulia, na kila likiegemea linakula tundu lake kidogo. Tundu likipanuka, linaanza kucheza. Hapo ndipo maji ya nanasi na ya nyanya yanapoingia, na hayo ni maji yenye asidi. Yanakaa mle ndani, mahali ambapo sponji haifiki, yakisaidiana na chumvi ya jibini kukila chuma. Kwa hiyo huku nje gurudumu linametameta kama mwezi, na kule ndani kuna kutu ya rangi ya barabara ya udongo. Siku moja kile kichwa cha uyoga kinachoka, na mama mkwe anapata mgeni miguuni.

Nilipomweleza mke wangu haya yote saa sita usiku, alisema, "Kwa hiyo ni nanasi." Nikamwambia ni pini. Akasema, "Lala."

Cha pili nilikinunua kwa akili. Nilikwenda mjini Thika, kwenye duka la vyombo, nikaomba kikatio ambacho pini yake ni ya skrubu na nati, kinachoshika gurudumu kutoka pande zote mbili. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alinitazama kama mtu anayejua anachotaka, jambo ambalo halijawahi kunitokea dukani. Nilikishika kikatio karibu na sikio nikakitikisa kama watu wanavyotikisa yai kujua kama limeoza. Kikanyamaza. Safi kabisa. Kisha akanimaliza: akatoa chini ya kaunta sumaku ya spika iliyokufa, akaigusisha kwenye gurudumu. Haikushika. "Umeona, kastoma? Hii ni chuma cha pua yenyewe. Ya feki sumaku inaikamata." Nikalipa shilingi mia nane na hamsini, nikaenda zangu nikijiona mhandisi. Nyumbani nikawaambia watoto hiki ni chuma cha pua. Yule mdogo akaishika pua yake, akaibonyeza, akaniuliza kama itashika kutu akipata mafua.

Miezi minne baadaye kikatio hakikati. Kilikuwa kinazunguka vizuri sana, kinapita juu ya piza kama mtalii, kinaacha alama, lakini hakikati. Nikamngoja mzee wa kunoa visu.

Huyu mzee hupita mtaani kwetu na baiskeli yake nyeusi. Akipata mteja huiinua kwa stendi, gurudumu la nyuma likabaki hewani, akapanda kitini, akakanyaga pedali, na mkanda uliotoka kwenye gurudumu hilo ukalizungusha jiwe lililofungwa mbele yake. Anakwenda kilomita nyingi kwa siku pasipo kutoka mahali alipo. Alinoa visu vyangu viwili kwa dakika tano. Kisha nikampa kikatio.

"Hii ni nini, bosi?"

"Ni kisu cha piza, mzee."

Aliligusa gurudumu kwa kidole, likazunguka. Akalipeleka kwenye jiwe, likazunguka zaidi. Jiwe linazunguka, gurudumu linazunguka, miguu yake inazunguka, na makali hayaji. Akaacha kukanyaga.

"Hapa," akasema, "lazima mmoja wetu asimame."

Akatafuta kijiti, akakipachika kati ya gurudumu na mkono wa kikatio, gurudumu likakwama. Akanoa kipande, akalisogeza, akanoa kipande, akalisogeza, kama mtu anayemenya chungwa. Alipolifikisha nusu akaanza kunihoji.

"Unakatia juu ya nini?"

"Kwenye trei. Hiyohiyo iliyotoka kwenye oveni."

"Ya chuma?"

"Ya chuma."

"Basi wewe huwa unakata trei," akasema. "Piza inakuwa njiani tu."

Sijawahi kusahihishwa kwa bei nafuu hivyo. Alinitoza shilingi hamsini. Na kweli, nilipoichunguza trei niliona mistari iliyokatana katikati kama ramani ya stendi ya matatu. Makali yote niliyoyalipia yalikuwa yamebaki hapo. Ubao wa chapati, ambao umekaa ukutani kwetu tangu arusi, ungetosha. Mbao huachia makali. Chuma hukipiga chuma mwenzake.

Ndipo akaniambia jambo la pili, lililonitia uchungu zaidi. Alisema chuma hiki ni laini, hakitashika makali hata akinoe kila wiki. Nikamwambia kwa kiburi kwamba sumaku haikishiki. Akasema, "Ndiyo maana."

Nilikwenda kusoma, nikakuta mzee ana haki. Chuma kisichoshika kutu ni ukoo, si mtu mmoja. Kile cha sufuria na masinki, kinachoandikwa 18/8, kina asilimia 18 za kromiamu na 8 za nikeli. Hicho ni kigumu kuota kutu, sumaku hukipita tu, lakini hakiwezi kugumishwa kwa moto. Cha visu kina kaboni zaidi na hakina nikeli kama hiyo, hugumishwa kwa moto na kuzamishwa, na sumaku hukikamata kabisa. Kwa sufuria, sumaku ya yule mama inasema jambo la maana. Kwa kisu, inasema kinyume chake. Na kwa kuwa bati la kawaida lililopakwa rangi ya fedha nalo hukamatwa na sumaku, ukiwa dukani na sumaku mkononi unajua tu kwamba una sumaku. Hata Harry Brearley, yule mtu wa Sheffield aliyekipata chuma hiki mwaka 1913 akiwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki, wenzake walimtania kwamba amevumbua visu visivyokata. Kimoja kati ya hivyo nimekilipia mia nane na hamsini.

Mzee alipomaliza, kikatio kilikata kwa wiki mbili hivi. Lakini kwa sababu kilikuwa kimenolewa kipande kwa kipande, hakikuwa tena mviringo. Kilikwenda juu ya piza tak, tak, tak, kama gari moshi juu ya maungio ya reli, na kila tak kilikuwa kinaacha kidaraja kisichokatwa.

Isitoshe, kilikuwa na kasoro ambayo hata makali yasingeiponya. Gurudumu lilikuwa na upana wa sentimita sita na nusu. Piga hesabu: pini iko katikati, sentimita tatu na robo kutoka chini. Toa sentimita moja ya ile nati na mikono ya chuma inayolishika gurudumu. Unabaki na sentimita mbili na robo za kukata. Piza ya Mama Njeri ina sentimita tatu, na tatu na nusu siku ambazo hamira imeamka vizuri. Kwa hiyo kila nikikata, nati ilizama kwenye jibini ikalima mtaro, kama lori lililokwama kwenye matope ekseli ikigusa chini. Wanaokula piza nyembamba ya mkahawani hawalijui tatizo hili. Mwenye piza nene anahitaji gurudumu la sentimita kumi, na nilipokuwa dukani nikitikisa na kugusisha sumaku, jambo la kupima kwa rula halikunipitia kichwani. Watengeneza piza wa Napoli, ambao ufundi wao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2017 kama urithi wa binadamu, hupika mara nyingi nyembamba katikati. Sikumwambia mke wangu. Najua jibu lake.

Kikatio hicho hakikufa kishujaa. Mpini wake wa plastiki ulikuwa mtupu ndani, maji ya kuoshea yakaingia, yakatoa harufu ya bwawa, tukakitupa.

Cha tatu kilikuwa kamili, na kwa hiyo sina mengi ya kusema juu yake. Shemeji yangu anayefanya kazi Doha alikuja likizo akatuletea zawadi katika sanduku lenye kitambaa chekundu ndani. Gurudumu la sentimita kumi. Pini ya skrubu inayofunguka kwa sarafu, unaosha kila kipande. Chuma kizito, kipande kimoja toka mpini mpaka kwenye mikono, na mpini wa rangi ya dhahabu. Nilikitikisa sikioni, kikanyamaza kama kaburi. Nikakipima kwa rula. Nikataka kulia.

Mama Njeri alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akakirudisha kwenye kitambaa chake chekundu, akakifungia kwenye kabati la vioo la sebuleni, kati ya sahani za maua na glasi za mguu mrefu ambazo hazijawahi kulowa. "Hicho ni cha wageni," akasema. Nikamuuliza ni wageni gani watakaokuja na piza yao. Akanitazama kwa namna ambayo nilikumbuka zulia.

Kipo mpaka leo. Kina zaidi ya miaka miwili na hakina hata mkwaruzo. Mtu akiniuliza ni kikatio gani kinachodumu kuliko vyote, namwonyesha hicho kupitia kioo.

Basi nikakaa nikafikiri: kama kinachokufa ni pini, kwa nini kuwe na pini? Mjini Roma wanaouza piza ya trei huikata kwa makasi. Pale Forodhani, Unguja, kile chakula wanachokiita piza ya Zanzibar, ambacho ni unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama na yai ukakaangwa, muuzaji hukikatakata palepale kwa ubapa wa chuma, gonga gonga gonga, anamaliza kabla hujatoa pesa. Hakuna kinachozunguka pale. Na Waitalia wenyewe wana kisu kama nusu mwezi, unakiegemeza kushoto, unakiegemeza kulia, piza imekatika. Hakina tundu, hakina nati, hakina mahali pa kuweka nanasi.

Nikatoka na karatasi niliyochora nusu mwezi, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea kando ya barabara ya Garissa, pale malori ya kwenda kaskazini yanapopita yakitingisha mabati ya vibanda. Fundi aliitazama picha.

"Ni ya kukata nini?"

"Piza."

"Ya watu wangapi?"

"Watano."

Akaingia nyuma akarudi na springi ya lori iliyovunjika, ile bapa ndefu inayobeba mzigo chini ya gari, akaigonga kwa nyundo ikalia kama kengele ya kanisa. "Hii," akasema, "ilikuwa inabeba simiti." Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha, hugumishwa, hushika makali, mapanga mengi ya jua kali hutokana nacho. Kinashika kutu, ndiyo, lakini kutu unaipangusa kwa mafuta ya kupikia. Nilikuwa nimekwisha kuamini. Tulikubaliana bei, nikaondoka bila kutaja vipimo. Mtu anayejifunza polepole hujifunza polepole kila mahali.

Siku ya tatu nilikuta kinanisubiri kimeegemezwa ukutani. Kilikuwa na urefu wa mkono wangu toka kiwiko mpaka vidole, vishikio viwili vya mabomba ya maji, na makali ambayo fundi alinionyesha kwa kukata kipande cha mpira wa tairi. Nilikibeba nyumbani kimefungwa gunia, na mwendesha boda boda akaniuliza mara mbili kama nina ugomvi na mtu.

Kilikata piza. Kilikata piza kwa pigo moja, kikakata na ubao wa chapati wa arusi, sentimita nzima ndani, kikakwama. Ilibidi Mama Njeri ashike ubao, mimi nivute, na vipande vya piza viruke kila upande kwa haki na usawa. Njeri alisema hiyo ndiyo piza tamu kuliko zote tulizowahi kula.

Sasa kiko kwa Mama Kevo, jirani wa chini. Alikuja kukiazima siku moja kukata boga, akarudi kukiazima kukatakata majani ya sungura wake, na baada ya hapo sikuona maana ya yeye kupanda ngazi kila siku. Sungura wananenepa. Piza tunaikata kwa makasi yaliyonunuliwa kwa ajili ya kazi za mikono za shule, ambayo shule haijawahi kuyauliza.

Mwezi uliopita tulipanda matatu ya Gatundu kupitia Mang'u kwenda kumwona Shosho, kama watoto wanavyomwita. Baada ya chai aliniambia nimfuate shambani akanionyeshe maharagwe. Nikajua nimeheshimiwa. Tulishuka mteremko, yeye mbele, mimi nyuma hatua tatu, na kabla hatujafika niliona kitu kinametameta juu ya mistari ya maharagwe. Kilikuwa kinaning'inia kwa uzi kutoka kwenye mti wa parachichi. Upepo ulipovuma kilizunguka, kikarusha mwanga huku, kikarusha mwanga kule, na ndege waliokuwa kwenye ua wakaruka wote kwa pamoja.

Nilisogea. Ukingoni kilikuwa kimeshika kutu kidogo. Katikati kilikuwa na tundu lililopanuka, na uzi umepita humo. Kilikuwa kinazunguka vizuri kuliko kilivyowahi kuzunguka mikononi mwangu.

"Nilikichukua siku ile nikakitia kiondoni," mama mkwe akasema, akitazama maharagwe, si mimi. "Nilijua hamkihitaji tena. Baba Njeri, hiki ni kitu cha nguvu. Kimepita mvua nyingi."

"Ndiyo, mama."

"Ulikitoa wapi?"

"Steji ya Makongeni, mama. Mia."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akanionyesha kwa kidole sehemu ya chini ya shamba, karibu na mto.

"Ukirudi niletee vingine viwili. Ndege wa kule bado wananisumbua."